Nyuki Niliowaahidi Wakwe Zangu

Habari ilinitangulia kufika Butembo. Sijashuka hata garini, jirani yangu wa duka la mbele alinipokea kwa kugonga kaunta kwa ngumi, tu, tu, tu, kama mwanamke aliye kinuni, na wote waliokaa naye wakacheka. Basi ni kweli. Mimi Kambale, baba wa watoto, mwenye gari, nilishika mchi mbele ya mama mkwe wangu huko Walikale nikatwanga sombe, majani ya muhogo, mchana kweupe, kijiji kizima kikinitazama. Malengelenge bado yako mikononi. Kila aliyeniuliza amepata kipande cha jibu tu, kwa sababu mnanijua, siwezi kukaa kitako nikamaliza hadithi. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, ili wenye kucheka wacheke wakijua wanachekea nini.

Safari ilikuwa ya Deo, yule mpiga picha za arusi anayerusha kidude chake juu ya kanisa bibi arusi akitoka. Watu fulani wa mbali walimtuma akapige picha za gorila wa msitu wa Walikale kutoka angani. Deo hakuwa na mtu huko. Mimi nimeoa huko. Kijiji cha mke wangu Riziki kiko ndani ya msitu nyuma ya mji, na gorila hufika karibu na nyumba. Mambo ya vibali siyasimulii, yalituchosha vya kutosha, na njia ya Butembo hadi Goma mnaijua.

Kutoka Sake hadi Kirolirwe

Tulitoka Sake asubuhi, mimi kwenye usukani na Deo pembeni yangu, amelipakata sanduku lake kama mtoto mgonjwa. Nyuma nilipakia chumvi na sabuni za duka langu la Walikale, na juu ya chumvi walikaa abiria, maana barabara ile huwezi kumwacha mtu amesimama.

Kabla hatujaanza kupanda milima, simu ililia. Alikuwa Bahati, kaka yake Riziki, anataka kujua tunakwenda na nini. Sasa, katika miaka hii ya vita, neno drone halitamkwi mbele za watu. Kila mtu amekwisha kuusikia mlio ule juu ya bati lake, na kila mtu anajua kinachoweza kuufuata. Vijana wa Goma hukiita kidude hicho nyuki. Nikaona hiyo ndiyo akili, nikasema hivyo hivyo.

"Tunakuja na nyuki, shemeji. Uambie batu basishituke."

"Nyuki?" Bahati aliuliza. "Nyuki ya kweli?"

"Ya kweli. Umuambie Mama."

Mtandao ukakatika hapo. Niliweka simu mfukoni nikiwa nimeridhika kabisa na werevu wangu.

Penye malisho ya Kirolirwe gurudumu la nyuma lilipasuka. Mimi gurudumu likipasuka nahisi kama nimetukanwa. Nililala chini ya gari nikihangaika na jeki, na Deo, ambaye hajui jeki, akafungua sanduku ili ajaribu kidogo tu. Chini ya barabara palikuwa na kinamasi katikati ya malisho, na ndani yake korongo wawili wenye taji kichwani, wale ambao wachungaji wa huko huwaita musambi. Mmoja alikuwa amelalia mayai, mwenzake amesimama karibu.

Kidude kilipanda, kikalia. Nilimwona yule aliyesimama akiinua shingo. Deo alikisogeza karibu apate zile taji vizuri, na ndege wote wawili wakaruka wakipiga kelele. Kilichowaponza zaidi ni uzuri wao, kwa kuwa Deo aliipenda namna mabawa yao yalivyofunguka, akawafuata. Ng'ombe nao walivunja uzio wa miti wakamwagika barabarani.

Mwenye ng'ombe, Papa Hakiza, alikuja mbio na buti zake za mpira. Hakutugombeza, hakuwa na muda huo. Tulikimbizana na ng'ombe pamoja naye, nikaanguka kwenye matope mpaka kifuani, na abiria wangu kule juu ya chumvi wakafurahi sana. Tulipomaliza kuurudisha uzio, tulitazama kinamasini. Korongo walikuwa bado angani, mbali. Kwenye kiota walikuwa wameshuka kunguru.

"Ile musambi iko hapa tangu vita inaanza," Papa Hakiza alisema. "Bunduki inalia, inaisha, musambi inarudi ku mayai yake. Ile kitu yenu haiishe. Inasimama juu yake tu, iko inaangalia."

Deo aliomba radhi, akasema huko msituni atarusha juu zaidi. Papa Hakiza alitukatia jibini kwa sababu tulimsaidia kukamata ng'ombe, na mtu aliyekusaidia humwachi aende na njaa. Nilikula yangu nimesimama, jicho kwenye barabara. Nilitaka tuondoke pale upesi, nisiendelee kuwasikia wale ndege.

Burungu, mahali pa mvua

Mvua ilitukuta Burungu. Lori moja lilikuwa limezama katikati ya njia na nyuma yake magari yamepangana, hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Nilishuka, nikaenda kulitazama lile lori, nikarudi, nikaenda tena. Mama muuza viazi aliyekaa chini ya turubai aliniambia subira huvuta heri. Nilimjibu kwamba mimi natafuta mtu wa kuvuta lori, heri itajivuta yenyewe. Alicheka, akanichagulia viazi vilivyoiva sana, na maharagwe juu yake.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja amebeba mlango mgongoni. Mlango kamili, wa mbao, na bawaba zake. Alikuwa amekimbia vijiji vya juu na watu wengine wenye magodoro na kuku, yeye amebeba mlango, na aliomba tumfikishe Mweso kwa dada yake. Nilimwambia mtu nitampakia, mlango hapana, gari limejaa. Akasema bila mlango haendi.

"Nyumba batachoma," alinieleza, tena kwa upole. "Nitajenga ingine ya udongo, udongo iko fasi yote. Mulango nitatoa wapi?"

Tuliulaza juu ya chumvi na abiria wakakaa juu yake, na kusema kweli walikaa vizuri kuliko mwanzo. Yeye tulimbana kati yangu na Deo. Njiani aliuliza ndani ya sanduku mna nini. Deo, ambaye nilikuwa nimemfundisha, akajibu kwamba ni nyuki. Yule mama aliweka sikio kwenye sanduku, akasikiliza kwa makini, kisha akamtazama Deo kwa huruma.

"Bamekufa, kaka," akasema. "Habalie."

Tulicheka hadi nikakosa gia. Mpaka leo najiuliza kwa nini kicheko kile hakikunifumbua macho. Mtu mzima, mwenye akili timamu, alikuwa amesikia neno nyuki akaelewa nyuki, na mimi nikaona huo ni mzaha wa njiani.

Mweso hadi Pinga

Mweso tuliuteremsha mlango na mwenyewe. Dada yake alitoka akaupokea kabla hajampokea ndugu yake, akaupigapiga kwa kiganja kama anayepima ng'ombe.

Baada ya hapo barabara huwa jina tu. Gari niliendesha kwa kubembeleza hadi Pinga, likagoma, nikaliacha kwa mfanyabiashara mwenzetu wa huku Butembo aliye na ghala pale. Chumvi ikabaki naye. Ilitubidi kungoja pikipiki, kwa sababu madereva wa pikipiki walikuwa wamesikia kuna mapigano mbele, kisha wakasikia hakuna, kisha kila mmoja akasikia la kwake. Tulikula kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukausha hadi Deo akasema hata jasho lake linanuka samaki. Nilizunguka soko lote nikiuliza habari kwa watu ambao nao walikuwa wakizunguka kuniuliza mimi.

Jambo moja nililiona Pinga. Ndege ndogo ya abiria ilipita juu, na hakuna aliyeinua hata kichwa. Baadaye kijana alijaribu kuwasha mashine ya kunyolea nywele kwenye kibanda chake, ikatoa mlio mwembamba, mziiii, na wauza mihogo wote wakasimama na kunyamaza mpaka alipoizima. Deo aliliona pia. Tuliangaliana, tukaongelea mambo mengine.

Walikale mjini

Pikipiki zilitufikisha Walikale tumekuwa na rangi ya barabara. Nilipitia dukani, nikaeleza chumvi iko wapi, nikasikiliza malalamiko. Mji ulikuwa na wakimbizi wengi na uvumi mwingi zaidi. Yule kijana anayeniangalizia duka alinipongeza akisema amesikia nawaletea wakwe zangu nyuki, jambo la maana sana, kwa kuwa warina asali wa upande ule wamekimbia na mizinga yao ilichomwa.

Nilisimama na soda mkononi. Nikampigia Bahati simu, haikupatikana. Nikapiga tena nikitembea, nikapiga nimesimama barabarani kati ya pikipiki. Haikupatikana. Nikamwambia Deo tuondoke sasa hivi, kwa miguu, hata kama hajamaliza wali wake.

Kijijini, mizinga mitatu

Walitusikia kabla hatujatokea, na wanawake walikuja kutulaki wakiimba. Mbele ya nyumba ya mama mkwe ilikuwa imepangwa mizinga mitatu mipya, ya magogo yaliyotobolewa, imepakwa nta mdomoni, inanukia. Bahati alikuwa anang'aa kwa jasho na fahari. Alisema mmoja ni wa Mama, mmoja wa kanisa, na wa tatu atautundika mwenyewe.

Niwaeleze desturi ya huko kidogo. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni. Simwambii neno moja kwa moja, namwambia Bahati, na Bahati anamwambia yeye, hata kama tumekaa hatua chache. Sili mbele yake. Kazi za jikoni ndiyo kabisa, mkwe akionekana karibu na chungu watu watasema binti yao ameolewa na nani. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona mama mkwe wangu zaidi ya bega na kilemba.

Basi bega lile lilikuwa limekaa kwenye mkeka, linangoja nyuki. Na mimi sikuwa na nyuki. Nilimvuta Bahati nyuma ya nyumba nikamweleza. Kwanza alifikiri namtania, halafu alishika kichwa, halafu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema usiku huu tuwaache watu na furaha yao, kesho asubuhi baada ya sala atasimama awaeleze wote kwamba ni kidude cha picha, kina mlio, wasiogope. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka, na aibu yangu ilifurahi kupewa nafasi ya kulala.

Jioni ile Bahati alituonyesha mahali. Nyuma ya nyumba kuna kijito, ng'ambo ya kijito ni shamba la marehemu baba mkwe, lililoachwa kwa sababu ya vita, limejaa migomba na majani mororo. Gorila huja kula hapo. Kulikuwa na dume lenye mgongo mweupe, majike kadhaa, na jike moja lililozaa karibuni, mtoto mdogo kama furushi mgongoni. Nyuma ya shamba ni mto wenye gogo lililoangukia maji, na ng'ambo ya mto kuna machimbo ya dhahabu na watu wenye silaha wanaokula kila kitu chenye miguu. Gorila hawa hawakuwa wakivuka. Bahati alisema ni kwa sababu ya vinu. Asubuhi wanawake hutwanga muhogo, alasiri sombe, na mama mkwe ndiye anayetwangia pale pale ukingoni. Vinu vikilia, gorila wanajua watu wako kwenye kazi zao, hakuna anayewinda wala anayekimbia, nao wanakula. Vikinyamaza, dume husimama na kusikiliza.

Tuliwaangalia wakila, mchi wa mama mkwe ukienda, tu, tu, tu. Hata mimi miguu yangu ilitulia.

Asubuhi ya kimya

Asubuhi nilikuwa kwa Bahati nakunywa chai na ndizi za kuchoma, watu bado wako kwenye sala. Vinu vya wale ambao hawakwenda sala vilikuwa vikilia. Kisha nikausikia ule mlio mwembamba, juu, unatoka upande wa kijito.

Kinu cha jirani kilinyamaza. Kikafuata cha mbele, na cha mbali. Wimbo wa kanisani ulikatika katikati ya neno. Mama mmoja alimwaga maji kwenye moto wake, akamwingiza mtoto chini ya kitanda, yote bila sauti, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Hata mbuzi nadhani walinyamaza. Nilikimbia.

Deo alikuwa amesimama juu ya kichuguu na kioo chake cha kuongozea kidude mikononi, anatabasamu kwa sababu ya ukungu. Alisema mwanga huu hautarudi, ndiyo maana hakuningoja. Nilitazama kioo. Dume lilikuwa limesimama, linapiga kifua, halijui adui yuko upande gani kwa kuwa adui alikuwa juu. Jike lenye mtoto lilikuwa linatazama moja kwa moja kwetu.

"Shusha," nilimwambia. "Deo, shusha."

Naye akashusha. Alielewa kwamba nataka tuwaone kwa karibu. Kidude kilishuka mpaka juu ya migomba, mlio ukazidi, na gorila wote wakatimka kwa mstari kuelekea mtoni. Nilimshika mkono nikipiga kelele akirudishe, lakini tayari walikuwa kwenye gogo. Wa mwisho alikuwa lile jike, mkono mmoja nyuma kumshikilia mtoto. Wakaingia ng'ambo.

Shambani tulikuta mashina yaliyoumwa nusu na mavi yaliyokuwa maji. Bahati aliyatazama, akasema hofu yao imeshuka tumboni. Hakucheka.

Nilipita nyumba hadi nyumba nikitangaza kwamba ni kidude chetu, cha picha, hakuna hatari. Hakuna aliyewasha moto. Hakuna aliyetwanga. Nilikasirika kidogo, nikamwuliza Bahati kwa nini hawaniamini.

"Banakuamini, shemeji," alisema. "Banajua iko yenu. Lakini yenu imeonekana, na ingine itakuja kuitafuta. Njo maana tunanyamaza."

Maji yalikuwa yamemwagika. Alasiri ile bunduki ililia ng'ambo ya mto, mlio mmoja, na sote tulitazama miguu yetu.

Mchi

Kimya kiliendelea siku iliyofuata. Mimi nilitembea kutoka kijitoni hadi barabarani na kurudi, nikamgombeza Deo, nikamwomba msamaha, nikamgombeza tena. Deo hakujitetea. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilikuwa napita uani kwa mara ya sijui ngapi niliposikia sauti ya mwanamke nisiyoijua.

"Mukwe."

Niligeuka, na mama mkwe wangu alikuwa ananitazama usoni. Ana makovu mawili madogo shavuni, na macho ni ya Riziki kabisa. Nilishusha yangu haraka.

"Uniangalie. Ni mimi niko naongea," alisema. "Uliniletea nyuki yenye haina asali. Ikachukua sauti yetu. Sasa banamuke banaogopa kutwanga, na bale gorila ba ng'ambo habasikie kitu, habatarudi. Weye hauogopi ile kitu, sababu iko yako."

Alinisogezea mchi.

"Twanga."

Nilimtafuta Bahati aniokoe, aniambie kwa mdomo wa tatu kwamba nimesikia vibaya. Bahati alikuwa anatazama paa. Nilishika mchi. Mama mkwe alimwaga majani ya muhogo kinuni, kisha akamletea Deo kinu cha jirani. Tulitwanga. Mimi nilitwanga kama mtu anayechimba shimo, majani yakaruka mpaka kwenye shati. Deo alijipiga kidole. Uso wangu uliungua kwa aibu, na niliwaza kila mmoja wenu anayesoma hapa.

Katika nyumba moja mtu alicheka. Halafu katika nyingine. Walikuwa wametuchungulia kupitia nyufa, na sijui kama kuna hofu inayoweza kushinda sura ya Kambale kinuni. Mama mmoja alitoka, akaniambia haipigwi hivyo shemeji, unamwaga, akaninyang'anya mchi anionyeshe, akasahau kuurudisha. Mwingine akaleta kinu chake ili awe karibu na kicheko. Kabla jua halijashuka vinu vilikuwa vinalia pande zote, na moshi ulikuwa umerudi juu ya mapaa.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameelekeza uso mtoni.

Tulitwanga hivyo kila siku. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Mimi ambaye siwezi kungoja lori, nilisimama mahali pamoja nikiinua na kushusha mti ule ule, nikisikiliza ng'ambo. Kisha alasiri moja tawi lilivunjika upande wa shamba, na dume likatoka kwenye migomba, likakaa limetugeuzia mgongo. Majike yalikuja nyuma yake, moja moja. Hatukushangilia, tulitwanga tu, machozi yakinitoka mbele ya mama mkwe, na hilo pia halifai.

Jike lenye mtoto halikuwamo.

Deo alinisogelea akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anaweza kulitafuta. Angekirusha juu kabisa, ng'ambo ya mto, mara moja tu, tungejua kama liko hai. Niwaambie ukweli, nilitamani. Kutojua ni kitu kinachonitafuna kuliko njaa. Nilimtazama mama mkwe, ambaye hakusikia neno, anapepeta muhogo wake, na dume lile lililotugeuzia mgongo. Nikamwambia Deo ashike mchi. Alilifunga sanduku kwa kamba na hakulifungua tena mpaka tulipoondoka. Mizinga mitatu tuliiacha imeegemea ukuta, mitupu.

Nyumbani

Kurudi hakuna cha kusimulia. Gari lilikuwa Pinga, chumvi ilikuwa imelowa, na kule Kirolirwe tulipita bila kusimama, nikaona kinamasi tu.

Juzi Bahati alipiga simu. Lile jike limerudi, limekonda, linakaa pembeni ya wenzake. Nilimwuliza kuhusu mgongoni. Alisema mgongoni hakuna kitu. Kisha Mama akaichukua simu yeye mwenyewe, hakuongea, nadhani desturi ilikuwa imemrudia. Aliiacha karibu na kinu nisikie, nami nikasikiliza mpaka salio likaisha.

Zile picha zipo. Wengi mmeziona kwa Deo, na mmesema ni nzuri sana, ule ukungu, ule mstari wa gorila juu ya gogo. Mmoja wenu alisema hata kukimbia wanakimbia vizuri. Mmesahau kuuliza jambo moja, nami sikuwahi kulijua kabla: kidude kile hakichukui sauti. Kinaona tu. Ndiyo maana Deo amezoea kuweka muziki, na safari hii pia alikuja kwangu na nyimbo zake nimchagulie.

Nilimwambia asiweke wimbo wowote. Aweke mlio wenyewe, kama walivyousikia wao. Alifikiri, akakubali. Jana alasiri alikuja uani kwangu hapa Butembo, akakiinua kidude kidogo tu, juu ya paa la jiko, na mimi nimesimama na simu mkononi kunasa ule mlio.

Simu yangu ilinasa mengine pia. Inasikika mziiii ile inapanda. Inasikika mlango wa jirani unafungwa, na redio ya mtu inazimwa. Binti yangu mdogo anamwita mama yake mara moja, halafu haiti tena. Na chini ya yote hayo, tangu mwanzo, kulikuwa na kinu cha Riziki jikoni, tu, tu, tu, ambacho nilikuwa nimekizoea hata sikukisikia, mpaka kiliponyamaza.

Nilimwambia Deo akitue chini, akizime. Niliingia jikoni. Riziki alikuwa amechuchumaa nyuma ya mapipa ya maji amemfunika mtoto kwa kitenge, ananitazama bila kunijua. Nilichukua mchi, nikaanza kutwanga.